Jumanne ya Kwanza ya Mwezi

Binti wa ofisi ya mawakili ana mafua.
Anasoma, anakohoa, anarudia mstari,
kwenye ngazi za mahakama ya wilaya, huku Jojia,
saa nne asubuhi, baridi ya Februari ikipenya soli:
"...kuanzia pini ya chuma penye kisiki cha mwaloni,
kwenda kaskazini futi mia moja arobaini na mbili,
kisha mashariki kufuata ukingo wa kijito
hadi kwenye jiwe..."
Njiwa wawili ndio wasikilizaji wake makini.

Sisi wengine tunatazama simu.
Dewey Stancil kazipanga hundi za benki kama karata,
za elfu kumi, za elfu tano, za elfu moja,
asije akamwachia mtu chenji wala dakika.
Amenunua nyumba thelathini na moja akiwa amesimama hapa hapa.
Ananinong'oneza: Usipende, mama.
Piga hesabu ya paa, ya kodi iliyolala,
ya rehani ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya kwanza.
Mbuzi aliye ndani ya gunia
hanunuliwi kwa utamu wa mlio wake.

Mimi nina bahasha moja.
Ndani yake yumo Harlan:
miaka ishirini na sita ya kiwanda cha mazulia,
kisha mapafu,
kisha barua ya bima, jina langu limekosewa herufi.

Jana jioni nilipita pale kwa gari, polepole, kama mwizi.
Kuingia kukagua hakuna; unanunua ukuta na siri zake.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.
Mtu alikuwa anakausha sahani,
anaikausha, anaikausha,
nikajua hakuna ya pili.

Benki ikataja themanini na moja elfu.
Dewey akaongeza mia tano. Nami mia.
Akaongeza. Nikaongeza, sauti si yangu.
Akanitazama, akazirudisha karata mfukoni.

Watu hudhani kuna nyundo.
Nyundo hakuna. Kuna binti anayepenga kamasi,
anauliza jina langu linaandikwaje,
anaazima kalamu,
na nyumba imeshahama mtu.

Kumbe alikuwepo. Ansel Tidmore,
koti la kazini, kofia mkononi kama aliye msibani.
Nilikuwa nimeshajiwekea majibu akiba:
dawa ya deni kulipa; si mimi niliyekukopesha;
biashara haina undugu.
Akasema:
"Bomba la bafuni, maji ya moto yako kulia.
Nililifunga mwenyewe, nikakosea, nikazoea.
Mlango wa nyuma uunyanyue kwanza, ndipo usukume.
Mvua ikitoka kusini, ndoo usiiweke panapolowa,
iweke futi moja kushoto. Maji yanasafiri."
Akapapasa mfuko kama atafutaye ufunguo,
akauacha.
"Sheria inakupa..." nikaanza.
"Ijumaa," akanisaidia. "Ijumaa nitakuwa nimetoka."

Dewey anasema nilizidisha elfu tisa.
Huenda. Paa pekee limekula sita,
na kodi ya maji ya miaka miwili ilikuwa imelala kweli,
ikaamka na jina langu.

Sasa ni Juni.
Katalogi za mbegu bado zinamjia, nyanya, maboga, njegere;
nazirundika juu ya friji, sina pa kuzipeleka.
Fundi alikuja na spana kulinyoosha lile bomba.
Nikamlipa nauli, nikamwambia aliache.

Alfajiri, usingizi haujanitoka,
mkono unakwenda kushoto wenyewe,
maji ya baridi yananichapa mgongoni.
Samahani, nasema,
peke yangu bafuni, uchi, mwanamke mwenye hati,
nageuza kulia,
nasubiri yapate moto.